Vidole Vyako Ukutani

Madam Sakina,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeniitikia kama ulivyokuwa ukiniitikia kila asubuhi kwa miaka minne, "Marahaba, mikono nyuma," na mie ningeiweka mikono nyuma kama askari, kina mama wa watoto wakacheka. Leo ni Jumapili mchana. Nimekaa kwenye benchi lako la korido. Kituo kimefungwa, mlinzi kanifungulia kwa sababu nimemwambia nimesahau chaja. Sijasahau chaja. Nimekuja kukuandikia, halafu kuna jambo moja la kufanya humu ndani ambalo nitakuambia nikishapata nguvu.

Ni miezi tisa tangu uondoke. Sakafu ya terazo ni ileile. Mistari yako miwili myekundu, mita kumi kutoka huu hadi ule, bado ipo, ila ule wa upande wa choo umeanza kufutika kwa deki. Mafaili yamehamishiwa kwenye kabati la chuma. Futi yako ya fundi cherehani ninayo mie. Binti yako alinipa siku ya arobaini, akasema uliagiza apewe Elia na kwamba nitajifanya sijui ya nini. Najua ya nini. Watoto wenye mtindio wa ubongo bado wanakuja Jumanne, wamebebwa mgongoni hata wale waliokwisha kuwa wazito, na anayewapima wanatembeaje ni mie peke yangu. Mtu wa kunikata jicho hayupo. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Nikwambie habari ya Nasra. Humjui, alianza kuja baada yako. Ana miaka saba, akisimama magoti yanagusana na visigino haviteremki chini. Mdomo anao. Siku ya kwanza aliniuliza kama na mie zamani nilikuwa nafanyishwa mazoezi, kwa sababu natembea vibaya. Mama yake anashona viti vya magari gereji moja kule Chang'ombe, mwanamke wa maneno machache, akikutazama unajikagua kama umefunga vifungo. Baba yake Nasra sijamwona na sijauliza.

Shule ya karibu na kwao walimkataa mwaka jana. Mwalimu Mkuu alisema anayetambaa hampokei, wenzie watamkanyaga wakati wa mapumziko na lawama itakuwa yake. Mama yake akileta karatasi ya mtaalamu inayosema mtoto anatembea mwenyewe, atampokea. Basi Jumanne iliyopita Mama Nasra akaja na fomu mkononi. Shule inafunguliwa kesho Jumatatu. Umeona siku zilivyokuwa chache.

Fomu yenyewe unaijua kuliko mie, lakini niiseme, maana nimejiapiza safari hii nitasema kila kitu. Zinaandikwa namba tatu: ya nyumbani, ya shuleni, ya sokoni. Hatua chache za ndani, mwendo wa uwanja wa shule, mwendo mrefu wa kwenda sokoni. Sita ni mtoto anayekwenda peke yake popote, mchanga, ngazi, mashimo. Tano ni peke yake, lakini sakafu iwe sawa. Mbili ni wa kusukuma woka, kile kifaa cha bomba cha kushikilia ukitembea. Anayetambaa hapewi namba, anaandikiwa herufi. Na haijazwi kwa kuangalia korido peke yake, inajazwa kwa kuuliza. Ulinipigia kelele hizo mpaka nikawa nazisikia nikiwa naoga: "Elia, usiniambie anaweza nini. Niambie anafanya nini, siku ambayo wewe haupo."

Nasra alikuja amevaa gauni refu na suruali chini yake, mtandio mweupe, na viatu vipya vyeusi vya shule. Nikamweka kwenye mstari wa kwanza. Akatembea. Madam, nakuambia alitembea. Mwili unayumba, mikono ameinua juu kidogo, macho hayatoki kwenye mstari wa pili, midomo inachezacheza. Alifika, akageuka kwa shida, akarudi. Mara tatu. Mie furaha ikanipanda kichwani, nikapiga makofi kama niko mpirani. Kila alipofika kwenye mstari alisimama palepale, hata nusu hatua hakuongeza, akamdondokea mapajani mama yake, aliyekuwa anamtangulia kila upande. Hilo nililiona. Nililiona nikaliacha lipite.

Sikuangalia viatu. Sikumkunjia suruali nione magoti. Wewe ungeikunja huku unamwuliza jana alikula nini, na mama yake angecheka. Mie mwanaume wa Njombe, Mkristo, mbele ya mama aliyejitanda mpaka kidevuni, nikaona soni. Nikajiambia ni heshima. Haikuwa heshima, nilikuwa naogopa kuona. Nikauliza swali moja tu, nyumbani anatembea hivihivi? Mama Nasra akajibu "Ndiyo" akiwa anaangalia dirisha. Nikaandika tano, tano, tano, kama mtu anayejaza namba ya simu. Nikasaini. Nikagonga muhuri. Akaichukua ile fomu kwa mikono miwili, wakaondoka na bajaji iliyokuwa inawasubiri, na nadhani walipitiliza moja kwa moja mpaka shuleni.

Saa moja baadaye nikaona kimfuko cha kitambaa chini ya benchi hili hili. Ndani yake yeboyebo za bluu, ndogo. Walimvua wakamvisha vile vyeusi hapa nje kabla hawajaingia, wakazisahau. Nikazigeuza bila kuwaza, mkono tu umezoea, kwa sababu wewe kila mtoto ulianzia kwenye viatu, salamu baadaye. Soli ilikuwa mpya. Mistari yake yote ipo. Ila juu, pale vidole vinapokaa, plastiki ilikuwa imelika mpaka imetoboka, kushoto na kulia.

Kiatu kinacholika juu. Nilikaa nacho mkononi mpaka mtoto wa saa nane akaingia na mama yake akaniuliza kama naumwa.

Jumatano baada ya kazi nikaenda kwao, nikisingizia kurudisha yeboyebo. Ni chumba na kibaraza, nyumba ya wapangaji, choo kiko upande wa pili wa ua na ua ni mchanga mtupu. Nilipoingia kwenye kichochoro nikamwona Nasra kabla hajaniona. Alikuwa anatoka chooni. Anatambaa, Madam, na anakwenda kasi, gauni amelifunga kiunoni, anamtania mtoto wa jirani kwamba hamfikii. Magoti yake ni meusi na magumu kama visigino vya mtu anayelima pekupeku. Kwenye sakafu ya kibaraza palikuwa na mistari miwili ya chaki. Sikuhitaji futi yako, lakini nilipima. Mita kumi. Siku ya mwisho aliyokuja kwenye mazoezi, Mama Nasra alihesabu hatua zake mwenyewe kwenye korido yetu, akaja kuichora kwao kwa futi yake ya ushonaji. Miezi miwili, kila jioni, mtoto anajifunza mita kumi za saruji. Ile midomo ilikuwa inahesabu. Nasra mwenyewe aliniambia bila aibu yoyote, "Ni thelathini na moja, halafu nakaa."

Mama yake alikuwa kasimama mlangoni. Hakukana. Aliniambia hivi, na maneno yake nimeyashika yote: "Wewe ulitaka mita kumi, nimekupa mita kumi. Sasa unataka nini tena kwangu?"

Nilianza kumweleza habari za shule, kwamba uwanja wao nao ni mchanga, kwamba kutoka darasani mpaka chooni hakuna saruji, kwamba mtoto akiandikiwa tano hawekwi kwenye orodha ya woka, na orodha imeshapelekwa. Nikamwambia siku ya kwanza tu ataanguka katikati ya watoto mia, na hakuna atakayekuwa amejiandaa, kwa sababu karatasi yangu inasema haanguki. Akaniambia nikiifuta ile fomu Nasra atakaa kibarazani mpaka aote matiti. Akasema pia, polepole, kwamba nikitaka kumwonea basi nimwonee yeye, mtoto nimwache. Nilirudi kwangu Mwananyamala kichwa kinagonga. Nikiifuta, mlango unafungwa. Nikiiacha, mlango unafunguliwa na mtoto anaangukia ndani yake. Na aliyetengeneza haya yote ni mie na kalamu yangu.

Hapo ndipo ulipokuja wewe, Madam. Hukuja ndotoni. Nilikuwa nakunja nguo.

Sasa nalisema lile ambalo sijawahi kulisema.

Ulipopata kile kiharusi kidogo, ukarudi kazini baada ya wiki sita, ukaniambia nikupime. Mie nikacheka, ukasema hutanii, tena nikupime kwa fomu ya watoto kwa sababu ndiyo pekee unayoiamini. Ukasimama kwenye mstari wa kwanza na shali yako ya zambarau. Ukatembea mpaka wa pili, kichwa juu. Mkono wa kulia vidole vyako vilikuwa vinagusa ukuta. Kidogo tu, kama mtu anayekagua vumbi. Niliviona. Toka hatua ya tatu mpaka mwisho niliviona. Nami nikaandika sita, sita, sita, kwa sababu nani mie nimwandikie Madam Sakina kitu kingine. Ukaisoma, ukanitazama kwa muda, ukaikunja ukaitia kwenye faili. Sikukuuliza nyumbani unakwendaje. Sikukuuliza zile ngazi mbili za kuteremkia uani kwako, ambazo nilizipanda na kuzishuka kila sikukuu nikija kula biriani. Hazina ukuta wala cha kushika.

Wiki tatu baadaye ukaanguka pale. Nyonga, kisha mapafu, kisha. Unajua. Nilipokuja wodini ulikuwa unaongea kwa tabu, ukanishika kidole, ukasema, "Uliona nikitembea. Hukuniuliza." Nikajifanya sijaelewa. Nikakuwekea mto vizuri, nikakuambia pumzika. Siku ile walipokuzika nilipigiwa simu saa mbili asubuhi, nyie Waislamu hamcheleweshi maziko, na mie nikafika makaburini watu wameshaanza kuondoka. Nilimwambia binti yako ni foleni ya Ubungo. Foleni ilikuwepo kweli. Lakini nilikaa kituo cha daladala nikaacha magari matatu yapite kwanza, kwa sababu sikutaka kukuangalia.

Huwa nakuwa na hasira na wewe pia. Acha niseme. Wewe uliyenifundisha kwamba mtoto anaweza kudanganya kwa mwili wake bila kujua, wewe ulinidanganya ukiwa unajua. Ulikuwa unanipima, au ulikuwa na haya tu kama Mama Nasra? Miezi tisa nauliza.

Basi Alhamisi nikaomba ruhusa nikaenda kwa Mwalimu Mkuu, mtu mrefu, mkavu, kalamu mbili mfukoni. Nikamwambia ile fomu nimeikosea. Akaanza kuitafuta mezani kwa haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri kisingizio. Nikamwomba asiirarue bado. Nikamwomba Ijumaa anione nikimpima mtoto hapahapa shuleni kwake, toka geti mpaka darasani, na yeye asimame aangalie. Akasema haoni faida. Nikamwambia mie ndiye niliyempima mtoto mahali pasipo pake. Akasema saa nne, asichelewe mtu.

Kumshawishi Mama Nasra sitasimulia. Alinitukana kidogo. Alikuja.

Ijumaa saa nne. Futi yako mkononi. Kutoka geti mpaka mlango wa darasa la kwanza ni mita hamsini na mbili, saba za mwanzo ni zege na zilizobaki ni mchanga ule laini wa Temeke unaoingia mpaka kwenye soksi. Walimu watatu walikuwa wamekuja kwa maandalizi, wakatoka kuangalia. Nasra na viatu vyake vyeusi. Nikamwambia nenda darasani, sikumwambia zaidi. Nikaweka mikono nyuma. Madam, nikaushika mkono mmoja kwa mwingine, kama siku ile uliponifunga na bandeji kwa sababu nilimdaka mtoto kabla hajaamua kama anaanguka.

Zege alilimaliza. Kwenye mchanga alikwenda hatua moja, mbili, nne. Mguu wa kulia ukazama, wa kushoto ukaupita mbele, akaenda chini na uso. Mama yake alitoka mbio nikamzuia kwa sauti, nikamwambia mama, mwache. Sijui kama atanisamehe. Nasra akajigeuza akakaa. Mchanga mdomoni. Hakulia. Akaweka mikono mapajani akatulia, anamtazama mama yake.

Hapo nikaelewa kilichokuwa kinamshika. Alikuwa amekatazwa. Mbele ya wageni usitambae, aliambiwa hivyo kila siku, na yeye ni mtoto msikivu. Hawezi kusimama na hana ruhusa ya kutambaa, basi amekaa katikati ya uwanja na Mwalimu Mkuu anaangalia saa. Nilihesabu pumzi zangu. Walimu wakaanza kunong'ona. Mwalimu Mkuu akafungua mdomo, na nilijua anachotaka kusema, na nilijua akishakisema hakirudi.

Mama Nasra akasema, "Nenda mwanangu. Nenda unavyokwendaga."

Nasra akamtazama tena kuhakikisha. Halafu akafunga gauni kiunoni, fundo moja, akaenda. Unajua jinsi anavyokwenda, nimekuambia. Alivuka uwanja ule wote, akafika kwenye kizingiti, akashika fremu ya mlango, akajivuta juu mpaka akasimama, akaingia ndani. Tukasikia dawati linaburutwa. Tulipofika mlangoni alikuwa amekaa dawati la mbele, anajifuta mchanga, akamwuliza Mwalimu Mkuu kama vitabu ni vyao au vya shule.

Mwalimu Mkuu alitoka akasimama uwanjani peke yake, anaangalia choo, anaangalia darasa, anaangalia choo. Alipokuja kwangu alinirudishia ile fomu. Akasema nimletee ya kweli, kwa sababu kwa ile ya uongo asingejua ahamishe nini. Darasa la kwanza atalipeleka chumba cha mwisho, hatua kumi kutoka chooni, na kati yake anaweza kumwaga zege. Mtoto aje Jumatatu. Kwa majaribio, alisema, mpaka likizo, na akiumia tutaongea upya. Mama Nasra akaitika "Asante mwalimu" bila kumtazama, akageuka ukutani akalia na mtandio umemfunika wote.

Fomu mpya nimeiandika mbele ya Mama Nasra. Nyumbani, herufi ya kutambaa. Shuleni, nikaandika herufi hiyohiyo kwanza, na pembeni kwamba atapimwa tena akishazoea woka. Woka yenyewe imechomelewa jana gereji kwao, fundi wa jirani na mama yake katumia mabomba na magurudumu mapana yasizame mchangani, nami nikamsimamia na futi mkononi. Inapiga kelele kama bawaba ya geti. Nasra kasema vizuri, watamsikia wampishe. Sokoni tumepanga Jumamosi ijayo, sie watatu. Sijaandika kitu hapo. Sijaona.

Sasa lile jambo la mwishoni. Nimefungua kabati la chuma, nimetoa faili lako. Fomu yako ipo, imekunjwa mara mbili kama ulivyoikunja. Ulinifundisha kosa halifutwi, linapigwa mstari mmoja lionekane, linasainiwa. Nimepiga mstari kwenye sita zangu zote tatu. Sokoni nimeandika sijui, kwa sababu sijui. Shuleni nimeandika korido, kwa kushika ukuta. Nyumbani nimeandika: hakuulizwa. Nimesaini jina langu lote na tarehe ya leo, nikairudisha.

Lala salama, mwalimu wangu, Mungu akupe sakafu isiyo na ngazi. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa kwenye geti la ile shule. Mvua inyeshe isinyeshe, nitakuwepo. Nitamwona Nasra akifika, nitamwona akivuka uwanja, na akianguka sitaangalia pembeni. Kila mtoto atakayekuja kwenye mistari yako, nitakwenda kwao kabla sijashika kalamu. Nakuahidi hivyo, mikono nyuma.

Wako,
Elia